Kunguru wa Bara Hindi kwenye konde la mahindi na banda la kuku: uchambuzi wa kisa kimoja Unguja

Kisa hiki ni cha konde moja katika Wilaya ya Kati, Unguja, kwa muda wa misimu mitatu: vuli, masika, na vuli iliyofuata. Jina la mwenye konde, shehia na alama zote zinazoweza kumtambulisha zimeondolewa. Hesabu za mashimo, vifaranga na kunguru zimeachwa kama zilivyoandikwa kwenye daftari la shamba.

Konde lilivyokuwa

Nusu eka ya mahindi ya kuuzwa mabichi, robo eka ya muhogo, miche michache ya mipapai, na kuku wa kienyeji wapatao arobaini. Udongo ni kinongo, mzuri kwa mahindi, umepakana na maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, upande wa mashariki. Upande wa barabara kuna miembe mitatu mikubwa na safu ya mivinje. Diko la wavuvi liko umbali wa kilomita mbili hivi. Nyuma ya nyumba za jirani, mita 150 kutoka kwenye konde, kuna jaa ambalo hakuna aliyelipanga: lilianza kwa maganda ya nazi, yakaja mabaki ya wali ya mama lishe wawili, kisha utumbo wa samaki. Jaa hilo halikutajwa na mtu yeyote mwanzoni. Malalamiko yote yalikuwa juu ya kunguru.

Mwenye konde ni mama wa makamo, analima na wanawe wawili. Mahindi yake huuzwa kwa wachomaji, kwa hiyo gunzi lililodonolewa nchani halina bei hata kama robo tatu yake ni nzima.

Ndege mwenyewe

Unguja ina kunguru wa aina mbili, na aliyewachanganya huharibu kazi tangu mwanzo. Wa asili ni yule mkubwa mwenye kifua na ukosi mweupe pe, mdomo mnene, na kwa kawaida utamwona wawili wawili au kikundi kidogo. Wa pili ni kunguru wa Bara Hindi: mwembamba zaidi, urefu wa sentimita 40 hivi, uzito wa gramu 300 kwa wastani, mweusi mwenye shingo na kifua cha rangi ya kijivu. Huyu ndiye mwenye makelele, na ndiye anayelala kwa mamia kwenye mti mmoja.

Hakuja kwa mbawa zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asaidie kusafisha taka za mji. Haikuchukua miongo mingi akahesabiwa kuwa ndege mharibifu. Mombasa alionekana mwaka 1947, na leo yumo Dar es Salaam, Tanga, na miji ya ndani huko bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kampeni kubwa hapa Unguja ya kumtega na kumwekea sumu maalumu. Idadi ikashuka sana, kampeni ikaisha, ndege akarudi. Jambo hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa sababu lililotokea kwenye kisiwa kizima lilijirudia kwenye konde la nusu eka.

Jike hutaga mayai matatu hadi matano, huyaatamia siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya wiki tatu hadi nne. Kipindi cha kulisha makinda ndicho wazazi wanapokuwa wakali zaidi kwa vifaranga na mayai, kwani kinda hutaka nyama na wadudu kuliko nafaka.

Vuli ya kwanza: hasara na namna ilivyosomwa

Mahindi yalipandwa mwishoni mwa Oktoba, mbegu mbili kila shimo, nafasi ya sentimita 75 kwa 60. Kwa nusu eka hayo ni mashimo kama 4,500. Mbegu zilifukiwa juu juu, sentimita mbili au tatu, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na kazi ilifanywa kwa haraka. Miche ilichomoza siku ya sita. Siku ya kumi, kati ya mashimo 400 yaliyohesabiwa, 148 yalikuwa hayana hata mche mmoja. Hiyo ni asilimia 37.

Swali la kwanza la bwana shamba alipofika lilikuwa sahihi: nani kala? Panya hufukua usiku, huacha kishimo kipana na maganda ya mbegu pembeni, wala hana haja na jani. Kanga na kuku huparura eneo zima. Kunguru hushika mche kwa mdomo karibu na ardhi, huuvuta taratibu mpaka mbegu itoke, huikata mbegu na kuutupa mche ubavuni. Katika konde hili miche ilikuwa imelala kwenye mistari, mibichi bado, mizizi myeupe juu, kila mmoja umekatwa pale mbegu ilipokuwa. Kilichobaki ardhini ni kitundu chembamba kama kilichochomwa kwa kidole. Hapo hapahitaji shahidi.

Mahindi yaliyosalia yalipotia maziwa, alama ilikuwa nyingine. Kima huvunja shina na kwenda na gunzi lake. Kunguru huliacha gunzi mahali pake: huchana maganda kutoka nchani kwa vipande virefu, hudonoa safu za juu, kisha huhamia gunzi la pili kabla hajalimaliza la kwanza. Hilo la kutomaliza ndilo linaloumiza. Kati ya magunzi 200 yaliyokaguliwa, 54 yalikuwa yamefunguliwa, na mengi ya hayo yalikuwa kwenye safu nne zilizo karibu na miembe.

Upande wa kuku, makoo watano walitotoa vifaranga 46. Wiki ya tatu walibaki 17. Mwewe huja mara moja, kwa kasi, peke yake, na kuku wote huwa wameshatawanyika kabla hajafika. Kunguru huja wawili. Mmoja hutua mbele ya koo na kumchokoza, koo hutimua mbio kumfukuza, wa pili hushuka nyuma na kuondoka na kifaranga. Mtoto mdogo wa nyumbani hapo ndiye aliyeligundua hilo, na hakuna mtu mzima aliyemwamini mpaka walipokaa barazani asubuhi moja wakaona.

Sanamu, mzoga, na sumu ya jirani

Hatua ya kwanza ilikuwa ile inayochukuliwa na kila mtu: sanamu mbili zilizovishwa kanzu kuukuu, makopo yaliyofungwa kwenye kamba, na utepe wa kaseti uliotandazwa juu ya safu. Ulinzi huo ulidumu siku nne. Siku ya tano kunguru alikuwa ametua kwenye bega la sanamu. Si kwamba vitisho havifai kabisa. Kitisho kisichohama na kisichoambatana na hatari ya kweli kunguru hukipima haraka, na akishakipima, amekwisha nacho.

Hatua ya pili ilifaa zaidi. Kijana wa nyumba alimwua kunguru mmoja kwa panda (manati), wakamning'iniza kichwa chini kwenye ufito mrefu katikati ya konde. Kwa siku tisa hakuna kunguru aliyetua ndani ya mita thelathini. Walizunguka juu wakipiga makelele na kwenda zao. Mzoga ulipooza na kukauka, mbawa zikaacha kupepea, wakarejea. Wangeuhamisha kila siku mbili na kuubadilisha ulipoanza kunyauka, pengine wangefunika siku zote kumi za hatari za mche. Hilo walilijua baadaye.

Hatua ya tatu haikuamuliwa na mwenye konde. Jirani aliyechoshwa alichanganya dawa ya wadudu ya shambani na vichwa vya dagaa, akaviacha juu ya jaa. Asubuhi walikutwa kunguru wawili wamekufa. Walikutwa pia kuku wanne, watatu wakiwa wa mwenye konde, na paka mmoja. Kunguru wengine walikuwa wamekaa mnazini wakiangalia. Kwa zaidi ya wiki mbili baada ya hapo hawakugusa kichwa cha dagaa popote pale, jambo ambalo lilikuja kutia hasara kwenye mtego.

Inafaa kueleza tofauti, kwa sababu watu husikia kwamba kunguru wamewahi kuuliwa kwa sumu Unguja, na kwamba Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hawa milioni moja kwa njia hiyohiyo, wakadhani sumu yoyote ni sawa. Sumu inayotumika kwenye kampeni hizo ni maalumu kwa ndege. Huua polepole, kwa siku moja hadi tatu, kwa kuharibu figo, hivyo kunguru hafi penye chambo na wenzake hawapati somo. Na huvunjika mwilini haraka, kwa hiyo anayekula mzoga hana hatari kubwa. Huwekwa na wataalamu kwa kibali, baada ya siku kadhaa za chambo kisicho na sumu ili kuona ni ndege gani wanakuja. Dawa ya wadudu ni kinyume cha hayo yote: huua papo hapo, huua kila kilacho, na humfundisha aliyebaki.

Uamuzi wa kutega

Baada ya kuku kufa, mambo yalifika kwa sheha. Kikao kilikuwa kifupi. Sheha alimsikiliza jirani, akamwambia, "Wewe umetega kunguru, umepata paka na kuku wa mwenzio." Jirani akalipa kuku watatu. Bwana shamba akapendekeza mtego wa ngazi. Sheha aliridhia kwa sharti kwamba ruhusa iombwe kwanza wilayani na kunguru wa kifua cheupe aachiliwe kila akinaswa.

Mtego wa ngazi ni chumba cha wavu ambacho paa lake limebonyea katikati kama herufi V, na chini ya bonde hilo imelazwa ngazi. Kunguru hukaa juu ya ngazi, huona chambo na wenzake ndani, hufunga mbawa na kujidondosha kati ya vipago. Akitaka kutoka lazima aruke, na kuruka kunataka mbawa zifunguke, nazo hazipiti. Huu waliojenga ulikuwa na urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.8. Nguzo nane za mvinje, fito za kuungia, mita 15 za wavu wa kuku wenye upana wa mita 1.8, mlango mdogo wa kuingilia mtu kwa kuinama. Ngazi ilikuwa ya urefu wa chumba chote na upana wa sentimita 40.

Kosa la kwanza la ujenzi lilikuwa nafasi ya vipago. Fundi aliviweka sentimita 25 kimoja hadi kingine, kama ngazi ya kupandia mnazi. Kunguru waliingia, wakala, wakatoka. Mmoja alionekana akiruka wima, akashika kipago kwa miguu, akajivuta nje kama mtu anayepanda dari. Vipago vilipoongezwa hadi nafasi ya sentimita 15, na vipande vya waya vya sentimita 30 kuning'inizwa kandokando ya ngazi, utokaji ukakoma.

Wiki ya kwanza mlango uliachwa wazi na chambo kikawekwa ndani na nje: mkate uliolowekwa, ubwabwa, utumbo wa samaki. Vichwa vya dagaa vilibaki pale pale, kwa sababu iliyokwishatajwa. Wiki ya pili mlango ukafungwa, wakanaswa watatu, wote wachanga. Mdomo wa ndani wa kunguru mchanga bado una wekundu, na macho yake hayana weusi uliokolea. Watatu hao waliachwa hai ndani kuwa wavutaji. Kunguru hushuka alipo mwenzake anayekula, na mtego usio na ndege ndani ni wavu tu.

Wavutaji walifia humo siku ya nne. Mtego ulijengwa juani, chombo cha maji kilikuwa kifuu kimoja, na kufikia saa saba mchana kilikuwa kimekauka. Mbali na ukatili wake, lilikuwa kosa la kazi: kunguru anayekufa hupiga yowe, na yowe lile huwaita wenzake kuja kutazama, si kuja kula. Baada ya hapo kona moja iliezekwa makuti, likawekwa beseni la lita tano la maji, na mti wa kutulia ukafungwa kwenye kivuli. Wavutaji watano walidumu mpaka mwisho.

Hesabu za wiki saba za kutega zilikuwa 3, 21, 34, 26, 13, 9 na 6. Jumla 112.

Kushuka kuanzia wiki ya nne kulielezwa kwa urahisi mno: "wamepungua". Lakini asubuhi kunguru walioonekana kwenye konde hawakuwa wamepungua kwa kadiri hiyo. Sababu moja ilionekana wazi. Kijana aliyewatoa kunguru mtegoni alikuwa akifanya hivyo saa mbili asubuhi, mbele ya kadamnasi ya kunguru wengine, daima akiwa na jezi yake ya njano. Akiwavunja shingo pale pale. Baada ya wiki tatu alikuwa hawezi kupita chini ya miembe bila kushambuliwa kichwani, hata siku alizokuwa anakwenda skuli. Watafiti wa Marekani, huko Seattle, waliwahi kuonyesha kwa kutumia barakoa kwamba kunguru wa kwao hukumbuka sura ya mtu aliyewakamata, na huwarithisha wenzao chuki hiyo. Hawa wetu hawakufanyiwa jaribio la namna hiyo kondeni, ila jezi ya njano ilitosha.

Kazi ikahamishiwa baada ya Magharibi. Gizani kunguru hutulia. Mtu mmoja huingia na tochi na glavu, huwatoa mmoja mmoja na kuwaua mbali na mtego kwa kuvunja shingo kwa mkupuo mmoja. Mizoga ilifukiwa shimo la kina cha mita moja, kwa kuwa kunguru hubeba vimelea vya magonjwa ya kuku, kideri kikiwa cha kwanza kuogopwa. Kunguru wa kifua cheupe alinaswa mara mbili, na mara zote mbili akaachiwa asubuhi iliyofuata.

Jaa

Wiki ya saba, bwana shamba aliwaambia waache mtego kwa siku mbili na wahesabu. Mtu mmoja akae kwenye konde, mwingine njia panda, kuanzia saa kumi na mbili na robo alfajiri hadi saa mbili, na waandike kunguru wanatoka wapi na wanatua wapi kwanza. Hesabu hiyo ingefanywa siku ya kwanza, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Kunguru kama sitini walikuja kutoka upande wa pwani, kwenye miti ya mikungu wanakolala. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwenye konde moja kwa moja. Wote walitua jaani. Walikula huko kwa saa nzima, wakapumzika kwenye miembe, na kutoka miembeni ndipo wakaanza kushuka kwenye mahindi na kwenye uwanja wa kuku, ambako pumba na mchele vilikuwa vimemwagwa chini kila asubuhi. Konde lilikuwa kituo cha pili cha safari, na halikuwa sababu ya safari.

Yaliyofanywa ni haya. Mama lishe walipewa pipa la lita 200 lenye mfuniko, likawa linabebwa mara mbili kwa wiki. Utumbo wa samaki ulipigwa marufuku jaani. Badala yake ukawa unafukiwa kwenye handaki la kina cha sentimita 60 kando ya migomba, udongo wa sentimita 30 juu yake. Udongo ukipungua hapo mbwa hufukua na kunguru humfuata mbwa. Jaa lenyewe lilifunikwa kwa kifusi. Kuku wakaanza kulishiwa ndani, kwenye kihori, na mabaki yakaondolewa kabla ya kufunguliwa.

Wiki ya nane mtego ulinasa 17, na ya tisa 15. Kunguru waliokuwa wanaupita mtego kwa dharau walianza kuuingia, kwa sababu chambo hakikuwa tena na mshindani. Hesabu ya alfajiri, wiki tatu baada ya kifusi, ilikuwa 22.

Masika: mche na kifaranga

Mbegu za masika zilifukiwa sentimita tano hadi sita. Kwa kina hicho mche unapovutwa hukatika shingo kabla mbegu haijatoka, kunguru hupata jani asilolitaka, na baada ya kujaribu mistari miwili mitatu huacha. Kwenye udongo wa kinamo kina hicho kinaweza kuozesha mbegu mvua ikizidi. Kwenye kinongo hakikuleta shida. Kwa siku kumi tangu kuchomoza waliamia ndege kwa zamu, kuanzia alfajiri hadi saa tatu, na tena saa kumi jioni hadi jua kuchwa. Mizoga miwili ilining'inizwa na kuhamishwa kila baada ya siku mbili. Safu nne za karibu na miembe zilitandazwa mishipi ya kuvulia kwa kimo cha mita moja, nafasi ya nusu mita. Kunguru hachukii mshipi; huchukia asichokiona vizuri kinapomgusa bawa.

Vifaranga walipewa kizimba cha mita 4 kwa 2 kilichofunikwa juu kwa nyavu chakavu. Siku ya pili wavu ulilegea katikati, kunguru akasimama juu yake kwa uzito wake, wavu ukabonyea hadi karibu na ardhi, na kifaranga akavutwa kichwa kupitia tundu. Uliwambwa upya juu ya fito zilizopangwa kila nusu mita, ukabaki umekaza kama ngoma. Makoo walilalishwa mayai kwa pamoja ili vifaranga wote wawe wa rika moja na kizimba kitumike mara moja tu. Wakawekwa humo wiki nane. Kabla ya hapo tenga lilikuwepo, lakini lilitumika usiku tu, na kunguru hana kazi usiku.

Matokeo

Masika, kati ya mashimo 400, yaliyopotea, yaani yasiyo na hata mche mmoja, yalikuwa 31. Kati ya magunzi 200, yaliyofunguliwa 19. Vifaranga 38 walitotolewa, 33 wakafika wiki ya nane. Mmoja alichukuliwa na kunguru, wengine wanne walikufa kwa maradhi na mvua.

Vuli iliyofuata mashimo yaliyopotea yalikuwa 49 kati ya 400. Hesabu ya alfajiri ilipanda hadi 41. Katika vuli hiyo viota 11 vya kunguru wa Bara Hindi viliondolewa kwenye miembe na mivinje, na saba vilijengwa upya ndani ya mwezi.

Kipi kilifaa, kipi hakikufaa, na kwa nini

Kulinganisha vuli na masika moja kwa moja ni kujidanganya. Masika kuna kumbikumbi na wadudu wa kila namna, na wengi wa kunguru hawalishi makinda. Kipimo cha haki ni vuli kwa vuli: mashimo 148 yakawa 49. Ni nafuu kubwa, lakini si ile 31 ambayo watu wa shehia wanaitaja.

Kati ya hatua zote, kina cha mbegu ndicho kilichogharimu kidogo kuliko kingine, na kwa mche ndicho kilichofanya kazi kubwa. Ushahidi ni kwamba katika vuli ya pili kunguru walikuwa wameongezeka tena, na bado hasara ya miche haikurudi ilikokuwa. Kizimba nacho hakina ubishi. Hatua hizi mbili hazimgusi kunguru hata mmoja, nazo zinahusu siku chache zinazojulikana: kumi za mche, wiki nane za kifaranga.

Mtego uliua kunguru 144 kwa wiki tisa, na ndio uliosifiwa zaidi kikaoni. Lakini mtego mmoja kwenye eneo lenye jaa wazi unafanana na kukumba maji ngalawani bila kuziba tundu. Waliouawa nafasi zao zilichukuliwa na wengine kutoka kwenye mikungu ile ile, maadamu chakula kilikuwepo. Mpangilio ulikuwa kinyumenyume: kwanza mtego, wiki saba baadaye jaa. Ungegeuzwa, kunguru wangekuwa na njaa tangu siku ya kwanza ya chambo, na pengine kijana asingehitaji kuwa adui wa kila kunguru wa mtaa. Hali hii haiko kwetu peke yetu. Katika jangwa la Mojave huko Marekani, kunguru wakubwa wa jangwani wameongezeka mno kwa sababu ya majaa, maji ya watu na nguzo za umeme za kujengea viota, na wanaolipia ni kobe wachanga wa jangwani ambao magamba yao bado laini. Jangwa peke yake lisingewalisha wote hao, kama konde la nusu eka lisivyoweza kulisha sitini.

Kuondoa viota kulifanywa mapema mno. Kiota kikibomolewa kinapojengwa, kunguru hurudi kukijenga kabla ya wiki mbili kupita. Kinachomchelewesha ni kusubiri mayai yakamilike, kisha kukiondoa chote pamoja na vijiti na waya. Kwa kuwa kuatamia ni siku 16 au 17, ukaguzi wa kila wiki mbili unatosha, na anayepanda ahakikishe kwanza kwamba ukosi wa mwenye kiota si mweupe.

Kuhusu sumu ya jirani, hasara yake haikuishia kwa kuku wanne na paka. Iliondoa dagaa, chambo rahisi kuliko vyote pwani, kwa wiki mbili nzuri za kutega.

Kupanda kwa hesabu ya alfajiri kutoka 22 hadi 41 kuna maelezo ya kawaida kabisa. Mwezi Agosti mfuniko wa pipa ulichukuliwa na mtu, ukawa bati la kufunikia kisima. Mama lishe waliendelea kutupa pipani, pipa likiwa wazi. Mfuniko mpya ulipatikana Disemba, umefungwa safari hii kwa mnyororo, na mtego umehamishwa karibu na pipa, kona yake ya makuti ikiwa imeezekwa upya.